Fundi wa Kilimi wa Rungwe Mpya

Ukiwauliza watu wa Rungwe Mpya ni nani mwenye mkono mwepesi kuliko wote katika kata yao, hawatakutajia fundi cherehani wala muuguzi wa zahanati. Watakutajia Apoline Niyonsaba, fundi wa kilimi. Watakutajia kwa sifa hata leo, baada ya yote yaliyotokea, na hapo ndipo mtu mwenye akili zake anapotamani kuinuka aende zake.

Kilimi ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma kabisa ya kinywa, pale koo linapoanzia. Mungu alikiweka pale kwa sababu anazozijua mwenyewe, na watu wa milima ya Kasulu wakaamua kwamba alikosea. Mtoto akikohoa majuma mawili, ni kilimi. Akikataa kunyonya, kilimi. Akikonda, akitapika, akichelewa kutamka neno, basi kilimi kimerefuka, kinamkaba, kikatwe. Apoline alikuwa akikikata tangu ana miaka kumi na tisa. Mtoto alipakatwa na baba yake, mikono imefumbatwa, kichwa kimelazwa nyuma. Apoline aliukandamiza ulimi kwa mpini wa kijiko, akapitisha kisu chake chembamba kilichopinda ncha, na kabla mtoto hajamaliza kilio cha kwanza, kinyama kilikuwa kwenye kiganja cha fundi kinaonyeshwa kwa mzazi. Wazazi walipenda sana kukiona. Mtu akishaonyeshwa ugonjwa kwa macho hana swali tena.

Kazi aliirithi kwa mama yake, aliyevuka nayo kutoka Burundi mwaka 1972, Apoline akiwa mgongoni na kisu kikiwa kwenye pindo la kitenge. Ukimbizi ukaisha, uraia ukaja, mashamba ya mihogo na maharage yakakubali, na kazi ya kilimi ikaendelea kama kawaida.

Hakuwa mtu mbaya. Hilo lisemwe mapema ili msomaji asijifariji kwa kumchukia. Alikuwa mjane aliyejilimia mwenyewe, mwimbaji wa sauti ya kwanza kanisani, mtu wa kuwabebea kuni wazazi waliotoka kujifungua. Aliwapenda watoto wa watu, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba anawaokoa. Watoto wake wanne aliwakata yeye mwenyewe, na wa mwisho wao ni Benita.

Benita alikatwa akiwa na miaka sita. Koo lilikuwa limemvimba, homa inapanda, mate hayamezeki. Apoline alikata, na siku ya tatu homa ikashuka. Homa za koo za namna ile nyingi hushuka zenyewe siku ya tatu au ya nne, ukate usikate, lakini aliyekata ndiye anayepewa asante. Wiki tatu baadaye magoti ya mtoto yakavimba, kisha vifundo vya miguu, kisha viwiko, maumivu yakihama kutoka kiungo hadi kiungo. Apoline alimkanda kwa mafuta ya mawese yenye moto. Yakaisha. Hakuna aliyeunganisha koo na magoti, na nani angeunganisha?

Alipofika miaka kumi na tano Benita alianza kushindwa mlima. Alitua ndoo mara tatu kabla ya kufika nyumbani kutoka mtoni. Akalala ameketi, akiegemea ukuta, kwa kuwa akijinyoosha maji yanapanda kifuani. Daktari wa Kasulu aliweka kifaa chake kwenye mbavu zake, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko kawaida, akaandika barua ya Dar es Salaam. Huko wakasema valvu moja ya moyo, yaani mlango mmojawapo unaoruhusu damu kupita na kuizuia isirudi, imekakamaa na kuchanika. Walimpasua kifua, mfupa wa katikati ukakatwa kwa msumeno, mlango wake ukatolewa, ukawekwa mwingine uliotengenezwa kwa ngozi laini ya moyo wa ng'ombe. Walisema kuna ya chuma pia, ambayo haichakai, ila aliyewekewa hunywa dawa ya kuyeyusha damu maisha yake yote, na mimba kwake ni hatari. Benita alikuwa binti. Wakachagua ya ng'ombe ili siku moja azae, wakaonya kwamba katika mwili wa kijana haidumu, miaka kumi ikibahatika.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alimkalisha Apoline na kumweleza. Alieleza vizuri, masikini, wala hakuwa na haraka.

"Ugonjwa huu ulianzia kooni, mama. Koo liliuma utotoni, halikupata penisilini. Mwili ulipokuwa unapigana na vijidudu vya koo, ukaujeruhi na moyo wake wenyewe. Ndiyo maana lazima achomwe sindano kila mwezi, koo lisirudie."

Apoline aliitikia kwa kichwa, akashukuru, akafunga mizigo. Na katika maneno yote yale alibeba moja tu: koo. Kumbe hata madaktari wa Dar es Salaam wanajua kwamba ubaya wote unatoka kooni! Njia nzima hadi Kasulu alikuwa akilirudiarudia kichwani, na alipofika Rungwe Mpya alikuwa amekwisha kulikamilisha. Kilimi kisipokatwa mapema, au kikikatwa kikabaki kipande, sumu yake inashuka mpaka moyoni. Kwa Benita alikuwa amebakiza kipande. Kosa lake lilikuwa kukata kidogo.

Basi akawa anawaambia wazazi, tena kwa machozi ya kweli, akiwaonyesha kovu la binti yake lililoshuka katikati ya kifua. "Daktari mwenyewe kasema imetoka kooni. Msichelewe kama mimi nilivyochelewa." Watu wakaanza kutoka mbali, hata Buhigwe, kumletea watoto. Alifundisha na wanawake wawili kazi hiyo, maana mikono yake peke yake haikutosha. Katika miaka ile kumi sidhani kama kuna neno la daktari lililofanya madhara makubwa kuliko lile katika wilaya nzima, na daktari maskini hajui mpaka leo.

Kwa Benita ilikuwa miaka mizuri. Alichomwa sindano zake kila mwezi bila kukosa. Aliolewa na Athanase Havyarimana, muuza mitumba wa soko la Kasulu, mtu wa maneno mengi na mzaha mwingi, ambaye mbele ya mkewe alikuwa mpole kama maji ya mtungini. Wakapata binti, wakamwita Niyonkuru. Mimba ile ilimtesa Benita, lakini alizaa salama. Mtoto alilelewa zaidi na bibi yake, kwa kuwa Benita alikuwa sokoni na Athanase. Ilikuwa kawaida kumwona Apoline akipalilia maharage na kajukuu kake kakiwa kwenye kivuli cha mgomba pembeni, kanakula udongo.

Mwaka wa kumi valvu ya ng'ombe ikachoka, sawa na walivyosema. Mlima ukarudi kuwa mrefu. Benita akarudi kulala ameketi. Vipimo vya Dar es Salaam vikaonyesha kwamba mapafu yake sasa yamelemewa kiasi kwamba kumpasua kifua mara ya pili ni kumpeleka mahali ambapo huenda asirudi. Kwa miezi minne familia ile iliishi na habari hiyo. Athanase aliacha mizaha.

Kisha Sista Maximilla akapiga simu. Huyu alikuwa muuguzi wa wodi ya moyo, mwenye sauti nzito na tabia ya kurudia kila jambo mara mbili. Kuna madaktari wageni wanakuja kwa wiki moja, alisema, kufanya kazi pamoja na wa hapa. Wanakuja na valvu zilizokunjwa kwenye ncha ya mrija mwembamba. Mrija unaingizwa kwenye mshipa wa paja, karibu na kinena, unapandishwa taratibu mpaka ndani ya moyo, wakiuangalia kwenye kioo cha mashine. Ukifika kwenye ile valvu iliyochoka, mpya inafunguliwa humohumo ndani ya ya zamani, inakaa na kuanza kazi. Hakuna msumeno. Siku ya pili mgonjwa anatembea. Wagonjwa ni saba tu, na Benita ni mmoja wao.

"Sasa nisikilize, mdogo wangu. Nisikilize. Usije na jino bovu, usije na kidonda, usije na homa. Ukipata homa yoyote, hata ukidhani ni mafua, nipigie siku hiyohiyo tukuanzishie dawa. Mwenye vijidudu kwenye damu hawekewi. Nafasi yake inakwenda kwa wa akiba."

Benita alisikia yote. Ila wakati wa kulala, kilichomkaa kichwani ni lile la mwisho.

Siku kumi na tisa kabla ya safari, koo likamuuma. Asubuhi lilikuwa likikwaruza, jioni mate hayamezeki. Mwezi ule sindano yake ilikuwa imechelewa kwa juma zima, zahanati ikingoja mzigo. Alimwambia Athanase anakwenda kumwona mtoto, akapanda bodaboda mpaka kwa mama yake, akaketi kwenye mkeka bila kuvua khanga aliyojifunika kichwani. Apoline alimgusa shingo, akasikia joto.

"Umempigia Sista?"

"Bado."

"Mpigie basi."

"Nikimpigia wananiondoa, mama. Alisema mwenyewe. Wa akiba yupo anangoja."

"Alisema wataanzisha dawa."

"Alisema na kuondoa." Benita alikuwa akilia bila sauti, kwa kuwa kulia kwa sauti kulimchosha. "Mimi kifua hawanipasui tena. Nikikosa hii, sina nyingine."

Hapa ndipo mtu angependa kuusimamisha mkono wa mambo, lakini ukiingia kwenye akili ya Apoline siku ile, njia ilikuwa imenyooka kabisa. Koo ndilo lililomharibia mwanawe moyo, daktari alisema. Kile kipande alichokibakiza miaka ishirini na moja iliyopita kimeamka tena, wakati mbaya kuliko wote. Angekimaliza leo, homa ingeshuka kesho kutwa, na binti angepanda basi akiwa mzima. Alijiona kama mtu aliyepewa nafasi ya kurekebisha kosa lake.

"Nikikata leo, unasafiri bila homa," alisema.

"Ego, mama, ndiyo. Kata."

Ni Benita aliyesema hivyo. Mtu mzima wa miaka ishirini na saba, amesoma mpaka kidato cha nne, anajua kusoma maandishi kwenye makopo ya dawa. Woga ukimkalia mtu, shule yote inakaa pembeni. Akaegemeza kichwa ukutani, akafungua kinywa mwenyewe, hakuhitaji kupakatwa. Apoline alikata chote kilichobaki, akamwonyesha kiganjani.

Homa ilishuka siku ya tatu.

Apoline alifurahi, akafunga na kuomba siku nzima kwa shukrani. Hata jioni Benita alipoanza kutokwa jasho na kusukuma sahani, mama yake alisema ni wasiwasi wa safari. Vifundo vya vidole vilipomuuma alisema ni baridi ya Juni. Benita naye alikubali, kwa sababu alitaka kukubali. Wakapanda basi yeye, Athanase na Apoline. Niyonkuru akaachwa kwa jirani. Siku mbili barabarani, Benita akitetemeka ndani ya blanketi na kusema hajambo.

Dar es Salaam walimpima damu, wakampiga picha, kisha wakampeleka kwenye kipimo cha mwisho. Ni mpira mwembamba unaomezwa, una jicho la kuutazama moyo kwa nyuma. Koo lilipuliziwa dawa ya ganzi. Daktari kijana mwenye miwani akamulika kinywani kwa tochi kabla ya kuuingiza, akasita, akamulika tena.

"Dada, hapa pamekatwa. Tena si zamani. Nani amekukata?"

Apoline alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wa binti yake mikononi. Benita hakumtazama.

"Bibi mmoja wa kijijini."

"Bibi gani?"

"Simjui jina. Nilipelekwa tu."

Daktari akaminya midomo, akaendelea na kazi. Lakini kioo kilipowaka akamwita mwenzake, na huyo akamwita mgeni mmoja. Wakaonyeshana kwa kidole. Juu ya ile valvu ya ng'ombe iliyochoka kulikuwa na kitu kimeota, kinachezacheza kila moyo ulipopiga.

Walieleza wakiwa wamemaliza. Vijidudu vimeingia kwenye damu, vikakaa kwenye valvu na kujenga. Huenda vilitoka kooni kwenye ugonjwa wenyewe, huenda vilitoka kwenye kisu, na kidonda kile kilivifungulia mlango. Valvu mpya haiwekwi juu ya uchafu ule, ingeoza humohumo. Atachomwa dawa kwenye mshipa wiki sita, kisha itaangaliwa. Wageni wanaondoka Jumamosi.

"Kwa nini hukupiga simu?" Sista Maximilla alimuuliza. "Vidonge vya siku kumi. Vidonge vya siku kumi tu, mdogo wangu, na leo ungekuwa unaingia."

Daktari mwenye miwani alikuwa na hasira, na alikuwa na haki nayo. "Huyo bibi," alisema, "ningempata ningemkalisha hapa, aangalie hiki kioo." Apoline alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwenye kioo hicho. Aliangalia. Alikiona kile kitu kinavyochezacheza. Na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mitano ya kazi aliunganisha koo na magoti, magoti na moyo, moyo na watoto wa watu. Lakini hakujitaja. Athanase alikuwa pale, na Benita alikuwa amemwangalia mara moja tu, kwa macho ya kumnyamazisha.

Nafasi ilikwenda kwa wa akiba. Jina lake Claudine, mama wa Kikongo kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mwembamba, anayecheka kwa kila jambo. Walimlaza kitanda cha pili kutoka kwa Benita. Alipelekwa Alhamisi asubuhi, akarudishwa mchana. Ijumaa alikuwa anatembea kati ya vitanda ameshika khanga yake, akiwaonyesha wanawake kiplasta kidogo pale kinena kinapokutana na paja. Midomo yake ilikuwa imeanza kupata rangi. Apoline alimtazama akienda na kurudi, akienda na kurudi, na hakuna adhabu ambayo mtu angemtungia iliyozidi hiyo.

Jumamosi, saa ya kuona wagonjwa, Claudine alikuja kuaga. Athanase alikuwa ameleta uji, amesimama miguuni pa kitanda. Sista Maximilla alikuwa anafunga dripu ya mchana. Benita alikuwa macho, ngozi imemshika mifupa ya uso.

"Mama, Mungu atakulindia mutoto wako," Claudine alimwambia Apoline, akimshika mikono yote miwili. "Mimi banasema mutu mumoja alikosa, ndiyo bakanipa nafasi yake. Sijue ni nani. Namuombeaka kila siku."

"Amina," alisema Apoline.

"Na tena nilikuwa nataka kukuomba kitu. Benita aliniambia munatoka Rungwe Mpya. Kule kambini jina yako tunalisikia, mama Apoline, munganga ya kilimi. Mutoto wangu wa mwisho, Fidele, koo inamusumbua kila mwezi. Nikifika tu nitakuletea umukate."

Kwa miaka mingi Apoline aliulizwa hivyo na alikuwa na jibu moja. Safari hii jibu lilikataa kutoka. Alitoa mikono yake mikononi mwa Claudine.

"Usimlete," alisema. "Mpeleke achomwe penisilini. Usimpeleke kwa mtu wa kisu, mimi wala mwingine. Aliyekosa nafasi ni huyu hapa Benita. Na aliyemkata ni mimi. Hakuna bibi mwingine. Ni mimi mama yake, juzi juzi hapa, na alipokuwa na miaka sita ni mimi pia."

Wodi ilisikia. Claudine alirudi nyuma hatua moja, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye paja lake, akawa kama anataka kuomba radhi na hajui ya nini. Kisha akaondoka. Sista Maximilla alimaliza kufunga dripu, akahesabu matone.

"Hilo halibadilishi dawa, mama," alisema. Hakulisema kwa ukali.

Athanase aliweka kikombe cha uji juu ya kabati. Alimtazama mama mkwe wake muda mrefu, yeye aliyezoea kumwita "mama mkubwa wa Rungwe" na kumtania kwamba atamkata ulimi akiongea sana. Hakumwita jina lolote. Akatoka nje.

Apoline aliketi. Kifua chake kilikuwa chepesi, na aibu ya wepesi ule ilimjia palepale. Alimgeukia binti yake akitegemea, kwa kweli, kusamehewa.

"Ungeniuliza kwanza," Benita alisema. Ilibidi ainame kumsikia. "Unafikiri niliwadanganya madaktari kwa sababu ya nini? Mtoto anakujua wewe. Nikifa, nilitaka abaki kwako. Sasa Athanase atakuachia?"

Apoline akachukua kikombe cha uji, akaanza kuukoroga.

Benita alifariki wiki ya nne ya dawa, mchana, kipande cha kile kilichoota kilipokatika na kwenda kichwani. Walimzika Kasulu, alikoishi na mumewe. Siku ya matanga Athanase aliwashukuru watu wote kwa majina, akaruka jina moja, na kesho yake akampeleka Niyonkuru Buhigwe, kwa mama yake yeye Athanase. Nguo za mtoto alizofuata Rungwe Mpya alizipakia kwenye bodaboda bila kuingia ndani.

Apoline aliacha kazi. Lakini kuacha hakukutosha, akaanza kuzunguka. Alisimama kanisani akasema. Alikwenda kliniki siku ya kupima uzito wa watoto, akasema na wale wazazi waliokuwa kwenye foleni. Wakamsikiliza kwa huruma. Walimwambia pole, mama Benita, msiba ni mzito. Wakipita kwake walishusha sauti, wakawabeba watoto wao hadi kwa wale wanawake wawili aliowafundisha, ambao mikono yao, ilisemekana, nayo ni myepesi. Mwalimu wa uongo alikuwa ameaminiwa siku ya kwanza. Mwalimu wa kweli aliambiwa akapumzike. Alikwenda kwa wanafunzi wake hao pia. Mmoja alimfungia mlango. Mwingine alimkaribisha vizuri, akampa ugali na maharage, akamwambia fundi ni fundi, kosa moja halifuti mazuri yote, na akaendelea kunoa.

Mwezi wa tisa habari ikafika, imechelewa siku moja, kwamba Niyonkuru anaumwa koo na ana homa siku ya pili. Apoline hakungoja kumaliza kusikiliza. Alikwenda zahanati akaomba penisilini, akaelezwa kwamba mtoto lazima aonwe kwanza. Akasema basi atamleta mwenyewe hata kwa kumbeba, akapanda bodaboda hadi Kasulu na nyingine hadi Buhigwe, vumbi jekundu limemjaa kope. Alifika mchana. Mama yake Athanase alikuwa uani anachambua mchele. Alikuwa mwanamke mwema, mzee kidogo kuliko Apoline, na zamani alikuwa amemletea wajukuu zake watatu kwa mikono yake mwenyewe. Hakusimama kumpokea.

"Nimesikia mtoto anaumwa," Apoline alisema. Alibaki kwenye lango. "Sikuja kugombana, dada yangu. Naomba tu tumpeleke hospitali, achomwe sindano. Tumpeleke wote. Nitakaa nje, sitamgusa."

"Usihangaike. Ameshapona."

"Amepona vipi?"

Mama yake Athanase alipuliza makapi kwenye ungo, akachagua jiwe, akalitupa.

"Tulimwita yule mwanafunzi wako jana asubuhi. Baba yake hakutaka, nikamwambia unataka na huyu sumu ya kilimi imshukie moyoni kama mama yake? Alimkata vizuri sana, hakubakiza." Akainua macho, na ndani yake hakukuwa na chuki yoyote. "Na leo homa imeshuka."